Magari Yaliyobatizwa Jumamosi

Maili tatu kabla ya kuingia Weller Falls kuna kituo cha mafuta, na hapo ndipo Harlan Tveit alipokuwa akisimama kila Agosti ili kuwafuta wadudu. Safari ya kutoka shambani kwake Iowa huchukua siku nzima kupita kwenye mahindi, na gari likifika Indiana pua yake huwa imegandwa na panzi na nondo. Alichukua ndoo, kitambaa na sabuni, akapiga magoti mbele ya gari lake, Tolliver ya kijani ya aina ya Juniper, akasugua mpaka chuma kikang'aa. Alikuwa na miaka sabini na minne na magoti yalimlalamikia, lakini huingii Weller Falls na Tolliver chafu. Ni sawa na kwenda kuposa na matongotongo machoni.

Mji ule ndiko Tolliver zote zilikozaliwa. Mzee Tolliver alianza kwa kuunda mikokoteni ya farasi, akaunda gari lake la kwanza mwaka 1909, na kwa miaka sabini na mitano mji mzima ulikula, ukavaa na kuzikana kwa mshahara wa kiwanda kile. Mwaka 1984 milango ilifungwa. Kilichobaki ni uwanja wa nyasi pale palipokuwa jengo, na juma moja la Agosti ambapo wenye magari hayo hukusanyika kutoka kila pembe ya nchi kuyapanga mistari, kuyafungua boneti na kuyasifu. Ukija na gari la kampuni nyingine unaelekezwa ng'ambo ya mtaro, ukaegeshe huko na aibu yako.

Mwaka huo Harlan alikuja na kazi. Chama cha wenye Tolliver kilimwomba aandike kitabu: historia ya kampuni, na maoni ya wenye magari. Hakuna aliyeshangaa kwamba amechaguliwa yeye. Babu yake alinunua Tolliver, baba yake akanunua Tolliver, na yeye mwenyewe alikuwa na jambo lililomfanya aheshimiwe kuliko wote. Oktoba ya 1978 Juniper yake mpya ilitoka barabarani na kugonga nguzo ya daraja, ikamuua mkewe, Maren. Mwaka uliofuata Harlan akanunua Juniper nyingine, ya rangi ileile. Watu wa chama walilisimulia jambo hilo kwa sauti ya chini, kama watu wanaosimulia habari za mtakatifu. Huyu, walisema, anajua kutenganisha kosa la mtu na kosa la chuma.

Kosa la mtu lilikuwa lake. Zilikuwa siku za mavuno, alikuwa hajalala vya kutosha kwa juma zima, na walikuwa wakitoka kula kwa dada yake Maren Jumapili mchana. Alimwambia sherifu kwa kinywa chake mwenyewe kwamba lazima alisinzia. Wakwe walimwelewa vizuri mno, wakaacha kumsalimia. Binti yake wa pekee, Kari, aliyekuwa kiti cha nyuma na miaka yake tisa, alitoka hospitalini mkono ukiwa umefungwa, na tangu siku ile hakupanda tena gari la baba yake. Sasa alikuwa na miaka arobaini na saba, anafundisha shule Minneapolis, na hupiga simu Krismasi na siku ya kuzaliwa ya baba yake. Huzungumzia hali ya hewa. Harlan aliamini kwamba binti yake hakumsamehe ule usingizi, na hakumlaumu. Alikuwa radhi kutoa shamba, ghala na kila kilichomo apate kusikia Kari akisema yamekwisha, lakini kitu cha namna hiyo hakiombwi kwenye simu ya Krismasi.

Basi akaandika kitabu. Kwa siku mbili alipita uwanjani na daftari, akikusanya maoni. Bibi mmoja wa Ohio alimwambia, "Nimezika waume wawili, na hii bado inawaka asubuhi." Fundi bomba wa Kentucky alisema Tolliver haina breki, ina ushauri tu, ila hawezi kuiuza kwa bei yoyote. Mwingine alidai kwamba wakati wa baridi lazima ulisemeshe gari kwa upole, na mkewe akadakia kwamba yeye mwenyewe hajawahi kusemeshwa hivyo. Harlan aliandika yote akicheka. Wenyewe husema mpenda chongo huona kengeza, na pale uwanjani palikuwa na kengeza tupu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, alikwenda nyumba ya wazee ya kanisa kuonana na Dorothea Pruss. Mama huyo alikuwa na miaka themanini na minane, mjane wa Otto Pruss, fundi aliyekuwa na gereji nyuma ya kanisa la Kilutheri. Harlan alitaka habari za Otto kwa ajili ya sura ya mafundi. Alimkuta kwenye baraza yenye vioo, amejifunika blanketi juu ya joto lote lile, kahawa mkononi.

"Wewe ndiye wa Juniper ya kijani," alisema Dorothea. "Nimekujua. Rafiki yake Wendell."

"Ndiye mimi, mama. Nimekuja uniambie habari za Otto."

"Otto alikuwa mkaidi na alinuka grisi. Andika hivyo." Akacheka mpaka kahawa ikamwagika kidogo. "Na andika habari za ubatizo. Usisahau ubatizo."

Harlan alijua habari za ubatizo, au alidhani anajua. Wendell Kopacz, mwenyekiti wa chama na rafiki yake wa miaka ishirini na mitano, alikuwa akiutajataja kila walipokunywa. Mfanyakazi wa kiwanda akinunua gari kwa bei ya kiwandani, Jumamosi ya kwanza hulipeleka kwa Otto likabatizwe. Wanaume hukusanyika, bia hufunguliwa, nyimbo huimbwa.

"Mlikuwa mnamwagia bia boneti," alisema, akiandika.

"Nani amwage bia?" Dorothea alimtazama kwa mshangao. "Bia ilikuwa ya watu. Gari lilikuwa linatiwa pini."

"Pini ipi, mama?"

"Ya usukani, mwanangu. Ile nati ya chini, upande wa kushoto, inayoshika mkono wa usukani na gurudumu. Zamani ilikuwa na pini ya kuizuia isijifungue. Mwaka wa sabini na saba wakubwa wakaiondoa wapunguze gharama, wakasema nati peke yake inatosha. Haikutosha. Ilikuwa inajilegeza taratibu, unaendesha miezi sita, mwaka, nyingine hata miaka kumi, hujui kitu, halafu siku moja unazungusha usukani na gari haliko nawe. Vijana wa kiwandani walijua, wao ndio walikuwa wanazifunga. Basi Otto alikuwa anatoboa tundu, anapitisha pini, dakika ishirini kazi imekwisha. Hakuna Juniper ya mtu wa mji huu ambayo Otto hakuilalia chini yake."

Kalamu ya Harlan ilikuwa imesimama.

"Na watu wa nje?"

"Wa nje gani?"

"Walionunua Juniper. Iowa. Nebraska. Mliwaambia?"

Dorothea alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na swali lilimsumbua kwa sababu hakuwahi kuulizwa. "Tungewaambia vipi?" alisema mwishowe. "Kiwanda ndicho kilikuwa sahani yetu. Ukiandika barua ukalalamika, unamlalamikia kaka yako aliyeifunga ile nati. Otto alisema mara moja kanisani kwamba haifai, watu wakamnunia mwezi mzima, hata mkate hatukuuziwa vizuri. Akanyamaza." Kisha uso wake ukachangamka, kama aliyekumbuka jambo la kumfariji mgeni. "Lakini wewe usiogope, baba. Yako ina pini. Wendell mwenyewe aliileta, mwaka ule wa kwanza ulipokuja. Mimi ndiye niliyewapikia kahawa."

Harlan alimshukuru. Miaka yote ya adabu aliyofundishwa na mama yake ilimtoa barazani pale, ikamfungulia mlango, ikamwezesha hata kumtakia mama yule siku njema. Kwenye uwanja wa maegesho alivua kofia, akalala chali juu ya lami ya moto, akajisukuma chini ya gari lake. Ilikuwa pale. Pini nyembamba ya chuma, miguu yake miwili imekunjwa vizuri na mtu aliyeijua kazi yake. Kwa miaka ishirini na mitano alikuwa akibadilisha mafuta ya gari lile kwa mikono yake, akiiona pini ile, akidhani imetoka nayo kiwandani. Alilala pale kwa muda mrefu, na muuguzi mmoja aliyekuwa anapita akainama kumwuliza kama anahitaji daktari.

Mwaka 1991, mkutano wa kwanza kabisa, ndipo alipofahamiana na Wendell. Walikaa chini ya turubai mvua ikinyesha, na Harlan, ambaye hakuwa amemsimulia mtu, alimsimulia mgeni yule habari za Maren: mavuno, chakula cha Jumapili, usingizi. Alilia. Wendell alimshika bega, akalia naye. Tangu hapo kila Agosti waliketi pamoja, na kila Agosti, bia zikizidi, Harlan aliurudia ule usingizi wake, na Wendell aliupokea kama padri. Ndiye aliyependekeza Harlan apewe nishani ya uaminifu. Ndiye aliyependekeza aandike kitabu. Waliomvika kilemba cha ukoka walikuwa wengi, lakini aliyekikaza kichwani alikuwa mmoja.

Alimkuta uwanjani, kwenye kiti cha kukunja kando ya Juniper yake ya buluu, anakula hindi la kuchemsha lililotopea siagi. Wendell alikuwa na miaka sabini na minane, mnene, mwenye mikono mikubwa ambayo haikuwahi kupona makovu ya kiwanda. Alipomwona Harlan na vumbi mgongoni akacheka.

"We mzee, umelala wapi? Nimekuwekea hindi, lishapoa."

"Nani aliitia gari langu pini?"

Wendell aliacha kutafuna. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kama mtu anayehakikisha nani anasikia, na Harlan alijua kabla ya jibu lolote.

"Dorothea na mdomo wake," alisema Wendell polepole.

"Nimekuuliza."

"Mimi. Otto alishika taa, mimi nikatoboa. Nilikuambia naenda kuangalia mafuta." Aliweka hindi chini, kwenye sahani ya karatasi. "Nati ilikuwa imebaki nyuzi mbili idondoke, Harlan. Mbili! Usingefika Illinois. Nilikuokoa, bwana."

"Na ya Maren? Ilikuwa imebaki nyuzi ngapi?"

Mtu mmoja alipita akawasalimu, wote wawili wakaitikia kwa mazoea tu.

"Nilitaka kukuambia," alisema Wendell. "Haki ya Mungu. Ile siku ya mvua, ulivyomaliza kusimulia, neno lilikuwa hapa." Akagusa koo. "Nikasema acha nimwambie kesho. Kesho ikawa mwakani. Mwakani ukawa rafiki yangu, na rafiki yako unamwambiaje jambo kama hilo? Unajua mimi nilikuwa wapi kiwandani? Upande wa kushoto, zamu ya mchana. Nati zile nimezifunga mimi. Huenda hata yako ilipita mikononi mwangu. Umewahi kufikiri nilikuwa nasikiaje, unavyolia mbele yangu?"

"Nilidhani unalia nami."

"Nilikuwa nalia nawe."

"Ulikuwa unajililia mwenyewe," alisema Harlan. "Mimi nilikuwa nakupa kisingizio. Kila mwaka nilikuja hapa nakwambia kosa ni langu, na kila mwaka ulikuwa unalala vizuri."

"Silali vizuri."

"Basi usilale."

Wendell alijaribu kusimama, kiti kikamshinda, akabaki ameshika mikono yake miwili kama mzigo usiokuwa wake. "Kitabu kiandike utakavyo," alisema. "Yaweke yote. Jina langu liweke. Ila mji usiutaje, Harlan. Wengi wao wameshakufa. Wajukuu zao ndio wanauza maji pale."

Ukweli ni kwamba Harlan hakuwa akikifikiria kitabu. Aliyatazama magari mia mbili na zaidi yaliyopangwa kwenye nyasi, na wenyewe waliokuwa wakiyapangusa, na akaona kwamba waliokuja na magari kutoka mbali walikuwa wametawanyika katikati ya waliozaliwa pale, wakicheka pamoja, wakigawana chakula. Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, na methali ile hakuhitaji kufundishwa na mtu tena. Alikuwa amekula nao miaka ishirini na mitano. Hakuna hata mmoja aliyemwambia.

Aliondoka bila kuaga, akavuka uwanja mpaka ukingoni, mahali mahindi ya mtu yalipoanzia. Huko, pasipokuwa na mtu, hasira ilimpanda, akaushika waya wa ua. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho kiliona aibu kujitokeza, nacho kilikuwa furaha. Hakulala. Miaka thelathini na minane amekuwa muuaji wa mkewe, na hakuwa ameua mtu. Kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye lazima ajue, leo, saa hii. Haikuwa Krismasi wala siku yake ya kuzaliwa. Alipiga simu.

"Baba?" Sauti ya Kari ilijaa hofu. "Kuna nini? Unaumwa?"

"Siumwi. Kari, sikiliza. Sikulala." Akaanza kulia, na maneno yakatoka yamepangana vibaya: nati, pini, gereji ya Otto, Jumamosi, bia, Wendell. "Mji mzima ulijua. Wote walijua, wakanyamaza. Usukani ulikatika, mwanangu. Ulikatika mikononi mwangu. Sikulala. Mama yako sikumuua mimi."

Alingoja. Alikuwa amelifikiria jambo hili mara nyingi kuliko alivyowahi kukiri: siku ambayo Kari angejua kwamba baba yake hana hatia, atalia, atamwomba radhi kwa miaka yote ile, naye atamwambia hakuna la kuomba radhi.

"Kari? Umesikia?"

"Nimesikia." Haikuwa sauti ya mtu anayelia. "Nani kakuambia?"

"Mama mmoja wa hapa. Mjane wa fundi."

"Na umemwamini."

"Nimeiona pini kwa macho yangu."

"Umemwamini palepale," alisema Kari. "Mtu usiyemjua."

Harlan hakuelewa. Alihamishia simu sikio la pili, kana kwamba ubaya ulikuwa kwenye simu.

"Baba, mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Nilikuwa macho. Nilikuona unauzungusha usukani, unauzungusha wote, na gari linakwenda upande mwingine. Nilikuambia hospitalini. Ulikuwa umekaa kitandani kwangu, umeshika kofia. Nilikuambia, baba hukulala, usukani umeharibika. Unakumbuka ulichoniambia?"

Alikumbuka. Hakuwa amesahau hata siku moja, alikuwa ameliweka tu mahali ambapo hatapita. Alimwambia kwamba ameota. Tolliver haifanyi hivyo, alimwambia, babu yako na baba wa babu yako wameziendesha. Na sherifu alipokuja, mtoto akafungua kinywa, yeye alitangulia kusema: mtoto amegonga kichwa, msimsikilize. Lilikuwa jambo jepesi zaidi kuamini kwamba amelala.

"Nilimwambia na bibi," alisema Kari, "akaniambia nisimtetee muuaji. Nilimwambia mwalimu. Baadaye wewe ukanunua lingine, la rangi ileile, ukaja nalo shuleni kunichukua. Ukanifungulia mlango, unacheka. Mimi sijawahi kukukasirikia kwa kulala, baba. Nilijua hukulala. Nilikuwa peke yangu niliyejua."

Uwanjani kipaza sauti kilikuwa kikitangaza washindi. Harlan alitaka kusema kwamba alidanganywa, kwamba mji mzima ulimpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kwamba Wendell, kwamba wakubwa wa kiwanda. Kila neno lilifika ulimini likawa si la kwake. Aliketi chini, kwenye vumbi la ukingo wa shamba la watu, miguu imenyooshwa mbele kama mtoto.

Kari hakukata simu. Harlan naye hakukata. Dakika zilipita, zikiwa nyingi kuliko za Krismasi kadhaa zikijumlishwa.

"Niambie ulichokiona," alisema Harlan.

"Sasa?"

"Sasa. Sitasema kitu."

Alisikia jiko likizimwa Minneapolis. Alisikia kiti kikiburutwa sakafuni, na mtu mzima wa miaka arobaini na saba akikaa.

"Mama alikuwa anamenya chungwa," alisema Kari.